Mfalme Mwenye Chunjua

Nianze na aibu yenyewe, msije mkanikatiza katikati: mimi, mtu mzima mwenye mke, watoto na kibanda cha biashara Ngamiani, Tanga, niliwahi kupiga magoti Kigombe mchana kweupe, mbele ya wakwe zangu na watu wengine wasiopungua hamsini (niliwahesabu nilipoingia, nikawahesabu tena nilipokuwa nimefunikwa shuka, safari hii kwa miguu yao, nikigawanya kwa mbili), nikadai kwa sauti nzito kwamba mimi ni mfalme wa Uajemi. Sikuwa nimelewa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nataka tu kuangalia sarafu.

Biashara yangu ni vitu vya zamani. Nanunua masinia ya shaba, saa za ukutani zilizokufa, vikuku vya mabibi waliotangulia, na sarafu: rupia za Mjerumani, senti zenye tundu, pesa za Zanzibar za enzi za masultani. Kilichochimbwa ardhini sikigusi, maana kina sheria yake na mimi napenda kulala kwangu. Nanunua kilichokuwa kabatini. Na kanuni yangu kubwa, niliyoirithi kwa marehemu baba pamoja na kibanda, ni kwamba kitu unachokitaka usikitazame. Ukiingia nyumbani kwa mtu ukaiona saa nzuri, sifia pazia. Ukitaka sinia, uliza bei ya kigoda. Macho yakishatua juu ya mali, bei inapanda kabla mdomo haujafunguka. Ishikeni vizuri kanuni hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonizika.

Habari za Waparthi zilianza na kopo la maziwa ya unga. Nililinunua kwa familia iliyokuwa ikihama kutoka shamba moja la mkonge, limejaa sarafu za kila namna, na ndani yake ikawamo moja ndogo, nyembamba, nyeupe ya fedha, isiyo na mwaka wala jina la nchi. Upande mmoja kuna mzee amegeukia kushoto, ndevu zimechongoka, utepe umefungwa kichwani na ncha zake zinaning'inia kisogoni. Upande wa pili kuna mtu ameketi kitini ameshika upinde, na kumzunguka kuna herufi za Kiyunani zilizochongwa na mtu ambaye Kiyunani hakukijua (zinafanana na mende waliokanyagwa). Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi la wakusanyaji sarafu kwenye simu, na chai yangu haijapoa mtu mmoja wa mbali akanijibu: hiyo ni drakma ya Waparthi, waliotawala Uajemi miaka kama elfu mbili iliyopita, ila yako ya bandia, tazama ukingo. Nikatazama ukingo. Kweli, mstari wa kalibu umeizunguka kama mshono wa suruali.

Mwenye akili angeitupa. Mimi nikaingiwa na ugonjwa. Nilitaka ya kweli, moja tu, niishike. Nikaanza kujisomea, nikajifunza kwamba wafalme wote wale walijiandika jina moja, Arshaka. Baba Arshaka, mwana Arshaka, mjukuu Arshaka, kwa hiyo jina halikusaidii kitu. Mfalme unamtambua kwa sura: ndevu ni fupi au ndefu, utepe una vitanzi vingapi, na, kitu nilichokipenda kuliko vyote, chunjua. Wapo wafalme kati yao waliokuwa na chunjua kwenye paji la uso na hawakuificha. Waliacha ichongwe kwenye fedha iende sokoni na kila mtu aione. Niliwaheshimu sana. Mimi mwenyewe ninayo, juu ya nyusi ya kushoto, punje kama ya mtama, na tangu utotoni nimekuwa nikivuta kofia kuifunika.

Jirani yangu wa kibanda ni Shemweta, fundi saa, Mlutheri wa kutoka Lushoto. Nilipomweleza habari hizo hakuinua hata kichwa.

"Waparthi? Hao nawajua," akasema. "Kanisani kwetu wanasomwa kila Pentekoste. Walikuwamo kwenye ule umati, siku Roho alipowashukia watu wakaanza kusema lugha zisizo zao."

"Enhe?"

"Enhe nini? Waliokuwa wanapita wakasema hawa wamelewa tu."

Tulicheka, mimi na yeye. Nikikumbuka tulivyocheka natamani kujizaba kofi.

Sasa tuje Kigombe, kijijini kwa wakwe zangu. Mke wangu, Mwanahawa, alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanakombo, na kwa kweli mama mwingine hamjui. Tangu mfungo uishe shangazi alikuwa amelala. Hali, hasemi, anatazama dari. Hospitali walimpima, wakampa dawa, dawa akawa anakunywa, lakini kuketi haketi. Ndipo wazee wa nyumba wakamwita Bi Mgeni, fundi wa ngoma za pepo anayejulikana pwani yote ile, naye akasema mwilini mwa mgonjwa kuna pepo aliyenuna, hataki kutaja jina. Basi ikapangwa ngoma ya siku saba. Pepo akitaja jina lake na haja yake, mgonjwa hupona. Lakini ngoma ikivurugwa kabla hajataja, inaanza upya siku ya kwanza. Na kwa kuigharamia ngoma hiyo walikuwa wameshauza mbuzi wote isipokuwa mmoja, wakauza na mabati ya jiko. Cha kuuza kilichobaki kilikuwa kitanda ambacho shangazi alikuwa amekilalia.

Tukaenda siku ya saba, siku ya mwisho. Pepo alikuwa bado hajasema neno. Njiani Mwanahawa akanishika mkono, jambo ambalo hulifanya akiwa na hofu au akiwa na onyo.

"Baba Tima, nakuomba. Leo usisifie pazia la mtu."

"Mimi tena?"

"Wewe. Kaa, kula, sema amina. Shangazi akinifia kwa sababu umeona sinia, Tanga utarudi peke yako."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Mfukoni mwa kanzu nilikuwa na kioo changu cha kukuzia, kile cha masonara kinachobanwa jichoni. Sikukichukua kwa nia mbaya. Hukaa humo kama wengine wanavyotembea na tasbihi.)

Ngoma ilichezwa uani, chini ya turubai, baada ya sala ya adhuhuri. Wanawake mikeka ya kulia, wanaume kushoto, katikati sinia lenye mayai, halua na chupa za marashi, na mbele yake chetezo kikubwa kinafuka ubani mpaka watu wa upande wa pili wanaonekana kama wamo ndani ya maji. Shangazi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, wapwa wawili wamemshika, macho ameyafumba, shingo imekuwa nyembamba kama ya kifaranga. Naapa, kwa dakika chache pale sikuwa mfanyabiashara.

Kisha Bi Mgeni akainuka.

Mwanamke mfupi, mpana, sauti ya mnadi. Kabla ya kuanza akatukumbusha adabu ya kilinge: asiyetajwa asisimame, asiyepandwa asiigize. Akatuambia habari za kijana mmoja wa Moa aliyejifanya amepandwa ili apate halua. Mdomo ulimpinda palepale na mpaka leo anakula kwa upande mmoja. "Pepo hachezewi," akasema, na ngoma zikaitikia, na kifuani pake kitu kikameta.

Kilikuwa kinaning'inia kwenye uzi wa shanga, kimevikwa pete nene ya fedha, mgongo umezibwa kwa nta nyeusi. Nilikuwa mbali, lakini hiyo ndiyo kazi yangu. Kichwa kimegeukia kushoto. Ndevu zimechongoka. Nyuma ya kisogo, ncha za utepe.

Pete yenyewe tu ilikuwa ya mkono wa zamani sana, na hakuna mtu anayehangaika kutengeneza bandia halafu akaifichia mgongo. Kama kweli ilikuwa yenyewe, basi nilihitaji kuona kitu kimoja tu: paji la uso. Kuna chunjua au hakuna.

Na hapa ndipo penye ule uamuzi mdogo. Ningeweza kungoja ngoma iishe, nikaenda nikasema, shikamoo Bi Mgeni, naomba kuiona fedha yako. Angenionyesha. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba humwonyesha kila aombaye, hata watoto. Lakini kanuni! Kuomba ni kuonyesha njaa. Nikaamua niitazame bila kuonekana natazama.

Nikaanza kujisogeza kwa makalio, mkeka hadi mkeka, huku nikitazama turubai kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Hakuna aliyenijali, kwa sababu kila mtu alikuwa akiyumba kufuata ngoma. Nilipofika mkeka wa mbele nikapiga magoti. Nikatoa kioo, nikakibana jicho la kulia, na mnajua kioo kile kinavyobanwa: jicho moja linafumbwa kabisa, shavu linapanda, mdomo unakwenda upande. Bi Mgeni alikuwa anatikisa mabega, kwa hiyo sarafu inakwenda kulia, inakwenda kushoto, na mimi, ili niione, kichwa kikawa kinaifuata, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Moshi ukaniingia kifuani. Nikakohoa kikohozi kile kinachotoka tumboni, mfano wa mtu anayenguruma.

Hapo mpiga ngoma kubwa akaniona.

Wapiga ngoma za pepo wana jicho la kazi. Mtu akitingishika tofauti na wenzake, humfuata. Mapigo yakabadilika, yakawa ya haraka. Kichwa changu, kwa kuwa sarafu nayo iliongeza kasi, kikaongeza kasi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Amepanda! Amepanda!"

Nikageuka nione nani amepandwa. Nyuma yangu macho yote yalikuwa yananitazama mimi.

Kugeuka kule kukakilegeza kioo, kikanitoka jichoni, kikadondokea ndani ya chetezo. Jamani, kioo kile kilitoka Mombasa. Sikufikiri. Nikaingiza mkono wa kushoto katikati ya makaa, nikakikosa, nikaguta kama ng'ombe, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, kwa sababu kila mtu anajua kwamba anayeshika moto hadharani si yeye, ni aliyemo ndani yake. Shuka nyeupe ikanijia kutoka juu, ikanifunika gubigubi, mikono ikanikandamiza mabegani nikae hivyohivyo kwa magoti, na dunia ikawa nyeupe.

Woga ule sijui niusimulie vipi. Ndani ya shuka kulikuwa na harufu ya marashi na jasho la watu wengine, watu wengi, miaka mingi. Ngoma nilikuwa siisikii kwa masikio tena, ilikuwa inapanda kutoka ardhini kupitia magotini hadi kwenye meno. Chini ya pindo naona miguu tu, imenizunguka, yenye hina na isiyo na hina, nami nikaihesabu, kwa sababu mtu akiogopa hushika anachokijua. Mkono wangu ulikuwa unaungua, nikaunyoosha mbele upate hewa, na kwa ule wa kulia nikaishika shuka kidevuni nisizibwe pumzi. Mdomo nikaupapasa. Ulikuwa bado haujapinda. Nikaupapasa tena.

Kisha nikamsikia mke wangu analia. "Mume wangu! Mungu wangu, Baba Tima!" Halikuwa onyo. Alikuwa anaogopa kwa ajili yangu, na hilo likanichoma kuliko makaa.

Nikakata shauri: liwalo na liwe, nitajifunua niseme, jamani, sina pepo, nilikuwa naangalia sarafu. Nikainua pindo kidogo. Nikamwona shangazi Mwanakombo. Alikuwa ameketi. Hakuna aliyemshika, maana wapwa wote wawili walikuwa wamesahau kazi wananishangaa mimi. Ameketi peke yake, shingo imenyooka, macho mawili wazi, anatazama shuka yangu kama anayetazama mlango unaobishwa.

Nikashusha pindo. Nikisema kweli, ngoma imevurugika, inaanza siku ya kwanza, na kitanda kitauzwa. Nikinyamaza, mimi ni yule kijana wa Moa.

"Hodi, mgeni wetu," sauti ya Bi Mgeni ikaja karibu kabisa na sikio. "U nani?"

Ngoma zikakoma. Jina la mfalme nililokuwa nalijua ni moja tu.

"Arshaka," nikasema.

"Watoka wapi?"

"Uajemi."

"Washirazi tunao hapa wa kutosha. Wewe Uajemi gani?"

"Wa kale."

"Wa kale wa lini?"

Na mimi, mjinga, kwa mazoea ya kupandisha thamani ya kitu kwa umri wake, nikajibu: "Kabla ya Mtume."

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Nikatambua nilichokifanya. Pepo Mwislamu ni mstaarabu, hutaka marashi, halua, kanzu safi. Pepo asiye na dini hutaka damu.

"Kumbe kafiri," Bi Mgeni akasema kwa upole uliotisha. "Basi si kosa letu. Leteni bakuli. Yule mbuzi mleteni."

"Na mimi si kosa langu," nikasema haraka, "niliwahi kuzaliwa!" Nikasikia mtu anacheka na mwingine anamfinya. Nikasikia pia kisu kinanolewa kwenye jiwe, na mbuzi wa mwisho wa nyumba ile akilia, na nikawa nimeelewa kwamba ile damu itaingia kinywani mwangu, ya moto.

Basi nikafanya jambo pekee ninaloliweza duniani. Nikaanza kupatana.

"Mfalme hanywi damu ya mbuzi."

"Hunywa ya nini?"

"Wafalme hatunywi damu. Tunanusa marashi."

"Marashi ni ya waungwana wenye dini. Jogoo."

"Jogoo anaamsha watu, simtaki."

"Kifaranga, basi. Nimeshuka mno, usinitie hasara."

"Yai," nikasema.

"Bichi."

"La kuchemsha."

"Bichi, na ganda nitakusagia."

"Bichi bila ganda, neno la mwisho."

Akaninong'oneza, chini sana, "Haya." Na mkono ukapenya chini ya shuka na yai limevunjwa kikombeni. Nililinywa. Lilishuka kama konokono. Mbuzi nikamsikia anarudishwa, na hata katika hofu ile nikajua kwamba nimefanya biashara nzuri.

"Sasa, mfalme," akasema kwa sauti ya watu wote, "umekula. Wataka nini ili utuache salama?"

Ningesema halua. Ningesema kilemba. Lakini pale alipoinama kunipa yai, ile sarafu ilikuwa imeingia nayo chini ya shuka, shubiri moja kutoka puani kwangu, na mwanga ukaipiga.

"Hiyo fedha ya shingoni mwako," nikasema. "Ni yangu. Uso huo ni wangu."

Hata leo sijui nani aliyesema maneno hayo. Niliyapanga mimi, nakubali, lakini yalitoka kabla sijamaliza kuyapanga. Bi Mgeni akaivuta shuka ikanitoka usoni, akanishika kidevu, akanigeuzia uso kushoto kama mtu anayekagua tikiti sokoni. Kofia ilikuwa imeanguka zamani. Akaiinua sarafu kando ya shavu langu. Akatazama huku, akatazama kule. Nikamwona uso unambadilika.

"Subhana," akasema. Akaweka kidole juu ya nyusi yangu. "Hii hapa." Akaweka kidole kwenye sarafu. "Na hii hapa."

Waliokuwa karibu wakasogea, wakaona, wakapiga ukelele, wa mbali wakauliza nini, wakaambiwa chunjua, chunjua, wana chunjua moja! Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ipo. Mkusanyaji yeyote angefurahi. Mimi sikufurahi, maana uso wa pembeni nilikuwa sijawahi kujiona, nani hujiona pembeni, na sasa watu hamsini walikuwa wananitazama kana kwamba nimekuwa nikipita mikononi mwao miaka yote hiyo.

Nyuma kabisa, kwenye kiti cha kamba, alikuwapo mama yake Bi Mgeni, bibi aliyekuwa amesinzia tangu tuingie. Akafungua jicho.

"Mwambieni aushushe upinde huo," akasema kwa uchovu, "atatutoboa." Akalala tena.

Mtu wa upinde yuko mgongoni mwa sarafu, na mgongo ule umezibwa nta. Mimi sikuwa nimetaja upinde kwa mtu yeyote Kigombe. Sikuwa nimeutaja hata kwa mke wangu.

Nilikuwa bado sijapata pumzi, mara shangazi Mwanakombo akainuka. Akainuka mwenyewe, akaja kwa miguu yake mpaka mbele yangu, akapiga magoti akanishika mkono ulioungua, na kwa sauti nzito isiyo yake akasema:

"Shikamoo, bwana. Umechelewa. Mimi ndiye mpishi wako, Marjani. Nilipotea njia, nikaingia nyumba hii kukungoja."

Pepo alikuwa amesema. Siku saba, na amesema. Vigelegele vile nadhani vilisikika Pangani. Mwanahawa alimkumbatia shangazi, akanikumbatia na mimi, akalia mabegani mwetu kwa zamu, na shangazi, kwa sauti yake ya siku zote, akaomba uji.

Nikasema, "Marahaba, Marjani." Mlitaka niseme nini?

Kabla ya alasiri Bi Mgeni akaniita pembeni, jikoni, kule kusikokuwa na mabati. Akaivua sarafu shingoni. Akaifunika kwa kitambaa chekundu, akaishona kwa mishono ya karibukaribu mpaka haikuonekana hata ncha ya pete, akanifunga mkononi juu ya kiwiko.

"Mfalme amepata fedha yake," akasema. "Kila mwaka atakuja kutandikiwa kiti hapa, siku hiihii. Na kitambaa hiki hakifunguliwi. Kikifunguliwa, mfalme ataondoka zake, na mpishi wake atarudi kumtafuta kwa njia aliyoijua. Umenielewa, mkwe?"

Nilimwelewa. Alikuwa amenipa kitu nilichokitaka kuliko vyote, bure, kwa sharti kwamba nisikione maisha yangu yote. Nimepatana na Wahindi, Wapemba na mapadri. Sijawahi kupigwa bei kama ile.

"Bibi," nikasema, "mama yako alijuaje habari ya upinde?"

"Upinde gani?" akauliza. Na hakuwa anatania.

Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akanipa kioo changu, kimeungua, kimepasuka katikati. Akafumba jicho moja, akapandisha shavu, akapeleka mdomo upande, sawasawa na nilivyokuwa mimi.

"Siku nyingine, mwanangu," akasema, "uliza bei."

Habari zilifika Tanga kabla yangu, pamoja na samaki. Nilipofungua kibanda asubuhi iliyofuata Shemweta alikuwa amesimama, ameshika kofia kifuani.

"Si nilikwambia?" akasema. "Waparthi ndivyo walivyo. Wakishukiwa, watu husema wamelewa." Na tangu siku hiyo soko zima, kuanzia wauza nazi hadi mgambo, hakuna anayeniita jina langu. Mfalme, ushuru. Mfalme, sogeza meza. Yeye Shemweta ana maelezo yake kuhusu upinde: mkono mmoja ulikuwa umenyooka mbele kwa kuungua, mwingine umeshika shuka kidevuni, bibi kaona mtu anayevuta mshale, basi. Ni maelezo mazuri. Huwa nayakubali mpaka anapofunga kibanda akaenda kwao.

Shangazi amenenepa. Amepaka chokaa nyumba, anagombana na majirani, na juzi alipiga simu kuuliza mfalme mwaka huu atakula nini, maana siku inakaribia. Mwanahawa anamsimulia kila mtu jinsi mumewe alivyomponya mama yake, na anaposimulia ananitazama kwa namna ambayo hakunitazama hata tulipooana. Nitamwambia nini? Mimi sina pepo. Hilo nina uhakika nalo. Lakini kitambaa sifungui. Nyuma ya ile nta, kama hakuna mtu wa upinde, basi fedha yangu ni ya bandia na nimenywa yai bichi bure. Na kama yupo, basi bibi yule alimwona wapi?

Kwa hiyo, wenzangu, kanuni ya marehemu baba nimeizika. Siku hizi nikiona kitu ninachokitaka naingia, nakinyooshea kidole, nasema hiki, bei gani, na watu wananilipisha mara mbili na mimi natoa. Ni nafuu.

Ila mchana soko likipoa, kidole huwa kinakwenda chenyewe kwenye kile kitambaa. Najua kila pembe yake sasa. Upande mmoja ni nta, laini. Upande wa pili, ukipapasa taratibu, unapata pua, unapanda, unapata paji, halafu punje. Ipo. Napapasa tena kuhakikisha. Kisha nasogeza kofia nyuma, napapasa ile ya kwangu, na naapa, jamani, ya kwangu ndiyo imeanza kusagika, kama fedha iliyopita mikono mingi.